Vidhibiti Ukuaji na Ustahimilivu wa Mboga Katika Baridi

Mkulima wa nyanya katika nyanda za juu za Njombe, Makete au Lushoto hahitaji kipimajoto ili ajue kwamba mwezi wa Juni umekwisha kuingia. Maua ya nyanya hupukutika kabla ya kushika tunda, majani ya pilipili hoho hugeuka rangi, na matango yaliyokuwa yakitambaa vizuri mwezi wa Aprili husimama kabisa. Wakati huo huo, ng'ambo ya mfereji, kabichi na njegere huendelea kukua kana kwamba hakuna lililotokea. Katika vijiji vilivyo kando ya uwanda wa Kitulo, ulioko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, hali huwa mbaya zaidi, kwani usiku mmoja wa jalidi (wakulima wengi huiita barafu tu) waweza kulifanya shamba la viazi mviringo liwe jeusi kabla ya jua kuchomoza. Mbegu, mbolea na kazi ya miezi mitatu huwa vimepotea.

Tangu katikati ya karne ya ishirini wataalamu wamejiuliza kama mmea waweza kupewa kemikali itakayouandaa kwa baridi kabla haijafika. Jibu ni kwamba yawezekana, lakini kwa masharti ambayo muuza chupa dukani hayataji. Makala haya yanakusudia kueleza masharti hayo pamoja na sababu zake. Mwalimu wa Biolojia aweza kuyatumia anapofundisha mada ya uratibu katika mimea, na mwishoni kuna jaribio ambalo shule yoyote yenye jokofu yaweza kulifanya.

BARIDI ZA AINA MBILI

Yafaa kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja. Ipo baridi ya kuganda, yaani halijoto iliyo chini ya sifuri ya Sentigredi, ambapo maji yaliyomo katika mmea hugeuka barafu. Ipo pia baridi isiyogandisha, kati ya sifuri na nyuzi 12 hivi, ambayo haiundi barafu hata chembe lakini huiumiza mimea yenye asili ya nchi za joto. Nyanya, pilipili hoho, matango, bamia na maharage yote ni ya kundi hilo. Kabichi, ambayo mababu zake waliota kwenye pwani za Ulaya, haidhuriki na nyuzi 4, bali hujiimarisha kwa kukaa humo siku kadhaa.

Mkulima anayepoteza maua ya nyanya kwa nyuzi 9 na yule anayepoteza viazi kwa jalidi hawana tatizo moja, na kwa hiyo dawa yao haiwezi kuwa moja.

KINACHOTOKEA NDANI YA SELI

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba ulioumbwa kwa mafuta na protini. Kazi ya utando huo hutegemea mafuta yake yawe katika hali ya umajimaji. Msomaji wa pwani amepata kuona jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi yenye baridi, ilhali mafuta ya alizeti hubaki majimaji. Tofauti hiyo hutokana na umbo la molekuli: mafuta ya nazi yamejaa haidrojeni na molekuli zake hunyooka na kupangana vizuri, bali za alizeti zina mikunjo inayozizuia kusongamana. Mnamo mwaka 1970 wanasayansi Lyons na Raison walipendekeza kwamba mimea ya nchi za joto huumia kwa sababu mafuta ya tando zake hupoteza umajimaji mapema mno, protini zilizoshikiliwa humo hulegea katika kazi yake, na chumvi za ndani ya seli huvuja nje.

Baadaye ilionekana kwamba si utando mzima unaobadilika, bali baadhi tu ya mafuta yake, hasa katika viungo vinavyofanya usanisinuru. Mwaka 1992 Murata na wenzake wa Japani walibadilisha jeni moja tu inayohusika na utengenezaji wa mafuta hayo katika tumbaku, na ustahimilivu wa tumbaku hiyo kwa baridi ukabadilika.

Jambo la pili ni la maji. Wanafunzi hushangaa wanapoambiwa kwamba mche wa maharage waweza kunyauka katika udongo uliolowa. Lakini ndivyo inavyokuwa asubuhi ya baridi yenye jua kali. Mizizi iliyopoa hunyonya maji kwa shida, na matundu ya majani, ambayo yangepaswa kufungwa, hubaki wazi. Jua hukausha jani kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifidia.

Jambo la tatu ni mwanga wenyewe. Jani lililopoa huendelea kupokea nuru ingawa vimeng'enya vyake vimepungua kasi. Nishati isiyotumika huangukia kwenye oksijeni na kuzaa kemikali kali, miongoni mwao haidrojeni peroksaidi, ambazo huunguza tando na rangi ya kijani. Ndiyo maana majani ya pilipili hoho huharibika zaidi upande uliopigwa na jua la asubuhi.

Kuhusu jalidi, barafu kwa kawaida huanza kuundwa nje ya seli, katika nafasi zilizo baina yake. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani, na seli hukauka. Kwa maneno mengine, mmea unaokufa kwa jalidi hufa kwa namna inayofanana sana na ule unaokufa kwa ukame. Msomaji ashike jambo hili, kwani ndilo linaloeleza kwa nini homoni ya ukame imekuwa ikitafutwa katika utafiti wa baridi.

HOMONI YA UKAME

Homoni hiyo ni asidi absisiki. Iligunduliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyokuwa yakitafuta vitu tofauti: Addicott na wenzake huko California walichunguza kudondoka kwa matunda ya pamba, na Wareing na wenzake huko Wales walichunguza kulala kwa machipukizi ya miti. Mwaka 1965 ikathibitika kuwa walikuwa wameshika kitu kimoja. Kazi yake iliyo mashuhuri zaidi ni kuyafunga matundu ya majani wakati maji yanapokuwa haba.

Miche ya matango iliyopewa asidi absisiki kabla ya kuingizwa katika baridi hunyauka kidogo kuliko isiyopewa, kwa sababu matundu yake yamekwisha kufungwa. Hilo ni rahisi kulielewa. La kustaajabisha zaidi lilitangazwa mwaka 1983 na Chen na Gusta wa Kanada, ambao walitia asidi hiyo katika seli za nyasi aina ya bromu zilizokuwa zikikuzwa ndani ya chupa, kwenye joto la nyuzi 20. Baada ya siku nne seli hizo ziliweza kustahimili nyuzi 30 chini ya sifuri, ilhali zile zisizotiwa kitu zilistahimili nyuzi 7 chini ya sifuri tu. Hazikuwa zimeonja baridi hata kidogo. Homoni peke yake iliziambia kwamba baridi inakuja, nazo zikajiandaa.

Hapana shaka mkulima wa viazi atauliza kwa nini basi asinyunyize asidi hiyo shambani mwake. Jibu limo katika viazi vyenyewe. Kiazi mwitu cha Amerika ya Kusini kiitwacho Solanum commersonii kikiwekwa katika baridi ya wastani kwa majuma machache hujiimarisha hadi kustahimili nyuzi 11 au 12 chini ya sifuri, na asidi absisiki huweza kuamsha sehemu ya uwezo huo bila baridi. Kiazi chetu cha kula hufa katika nyuzi 3 hivi chini ya sifuri, na hata kikikaa katika baridi ya wastani hakijiimarishi kwa kiasi cha maana. Homoni ni kama mpiga mbiu: aweza kuwaita watu waliomo kijijini, hawezi kuwaita wasiokuwamo. Pale ambapo jeni za kujihami dhidi ya kuganda hazimo, hakuna dawa ya kunyunyiza itakayozileta.

Nyanya nayo ni mfano mzuri. Tangu mwaka 1997, maabara ya Thomashow huko Michigan ilipoonyesha kazi ya jeni ziitwazo CBF katika mmea mdogo wa Arabidopsis, imefahamika kwamba jeni hizo huwasha nyingine nyingi mmea unapohisi baridi. Nyanya pia inazo jeni za CBF, nazo huwaka ipasavyo, lakini zinaloweza kuliwasha ni kundi dogo. Kengele hulia, na wanaoitika ni wachache.

Zaidi ya hayo, asidi absisiki ni ghali na huharibiwa upesi na mwanga wa jua. Kwa mkulima mdogo wa mboga, thamani yake hadi leo imo zaidi katika yale iliyotufundisha kuliko katika bomba la kunyunyizia.

MAUA YA NYANYA NA OKSINI

Turudi kwa mkulima wa Lushoto. Nyanya ikikaa katika usiku ulio chini ya nyuzi 13 kwa muda, chavua yake huwa chache na dhaifu. Utungisho haufanyiki, mbegu hazianzi, na ua hudondoka, kwa sababu ni mbegu changa zinazotoa oksini ya kuiamuru ovari ikue. Mwaka 1936 Gustafson wa Marekani alionyesha kwamba oksini ikipakwa kwenye ua ambalo halikupata chavua, tunda laweza kukua bila mbegu.

Kutokana na ugunduzi huo ulizaliwa utaratibu ambao umetumika sana katika vibanda vya nyanya vya majira ya baridi huko China na Japani. Mkulima huchovya brashi ndogo katika maji yenye oksini ya kutengenezwa, kisha hugusa kikonyo cha ua moja baada ya jingine. Huko China imetumika 2,4-D kwa kiasi cha miligramu 10 hadi 20 tu katika lita moja ya maji, na wengine huchanganya rangi nyekundu kidogo ili wajue ua lipi limekwisha kuguswa, kwani kuligusa mara mbili hulipa tunda umbo baya.

Hapa lazima nitoe onyo. Hiyo 2,4-D ndiyo ile ile inayouzwa kama dawa ya kuua magugu, na katika chupa ya dukani huwa kali mara maelfu kuliko kiasi kilichotajwa. Tone likiangukia chipukizi la nyanya, majani yake yatatoka membamba na kujikunja. Kosa dogo la kupima hulimaliza shamba. Isitoshe, oksini haimpi mmea ustahimilivu wowote wa baridi. Inachukua nafasi ya chavua tu. Majani na mizizi huendelea kuteseka vile vile, na matunda mara nyingi huwa na uwazi ndani. Sioni sababu ya kuipendekeza kwa mkulima wetu, ingawa kama somo la kazi ya oksini hakuna mfano ulio bora.

KUDUMAA KWA FAIDA

Mnamo mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, Mjapani aliyefanya kazi Taiwan, alichunguza ugonjwa wa mpunga uliofanya miche irefuke kupita kiasi na kuanguka. Aligundua kwamba urefu huo ulitokana na kitu kilichotolewa na kuvu. Kitu hicho ndicho kilichopewa baadaye jina la jiberelini, nayo mimea yote ya maua hujitengenezea.

Mmea unaohisi baridi hufanya kinyume cha mpunga ule mgonjwa: hupunguza jiberelini yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 juu ya Arabidopsis ulionyesha kwamba jeni za CBF zenyewe huamuru jiberelini ivunjwe, na kwamba kudumaa kunakofuata ni sehemu ya kinga. Kwa hiyo tukiona miche imefupika wakati wa baridi, tusidhani daima kwamba imeshindwa, huenda inajihami.

Kemikali zinazozuia utengenezaji wa jiberelini hufuata njia hiyo hiyo. Klomekwati, iliyoelezwa na Tolbert wa Marekani mwaka 1960, imetumika Ulaya kufupisha mabua ya ngano ili yasilale. Paklobutrazoli ilifuata katika miaka ya 1980. Miche ya nyanya au matango iliyopewa kiasi kidogo cha kemikali za namna hiyo huwa mifupi, yenye majani mazito ya kijani kibichi iliyokolea na mizizi mingi kwa kulinganisha na shina, nayo hustahimili baridi isiyogandisha kuliko ile mirefu na milegevu. Hata hivyo, paklobutrazoli hukaa katika udongo kwa miezi mingi na huweza kudumaza zao linalofuata. Kiasi kikizidi, mavuno huchelewa. Nayo mabaki katika chakula ni jambo la sheria: hakuna kidhibiti ukuaji kinachopasa kutumika katika mboga kama hakikusajiliwa kwa zao hilo hilo.

Mkulima wa kitaluni aweza kupata sehemu kubwa ya manufaa hayo bila kemikali yoyote. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha miche, apunguze maji, asiongeze mbolea ya naitrojeni, na aondoe kivuli kidogo kidogo. Hata kuipapasa miche kila siku kwa fimbo laini huifupisha na kuikaza. Miche yenyewe hurekebisha homoni zake.

KUTOKA MTI WA MREBI HADI KWENYE MAHARAGE

Watu wa kale walitumia magome ya mti wa mrebi kupunguza maumivu. Humo mna kitu ambacho mwilini mwa mwanadamu hugeuka asidi salisiliki, na mwaka 1897 wanakemia wa Ujerumani waliibadilisha asidi hiyo kidogo na kupata aspirini. Haikufikiriwa wakati huo kwamba asidi salisiliki ni mjumbe muhimu katika mwili wa mmea.

Mwaka 1999 Janda na wenzake wa Hungaria waliitia asidi salisiliki, kwa kiasi cha milimoli 0.5 katika lita, kwenye maji yaliyokuwa yakikuza miche ya mahindi. Siku moja baadaye waliipeleka miche hiyo katika nyuzi 2. Miche iliyopewa asidi iliumia kidogo kuliko mingine. Mwaka uliofuata, Senaratna na wenzake huko Australia walieleza kwamba mbegu za maharage na nyanya zilizoloweshwa katika asidi salisiliki au aspirini, kwa kiasi cha kati ya milimoli 0.1 na 0.5, zilizaa miche iliyostahimili joto kali, baridi na ukame.

Asidi hiyo hufanyaje kazi? Inaonekana kwamba kwanza humwumiza mmea kidogo. Hupunguza nguvu ya kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, kemikali hiyo huongezeka kwa kiasi, na mmea hujibu kwa kuongeza vimeng'enya vingine vya kujilinda. Baridi inapofika hukuta ulinzi umekwisha kupangwa. Ni mfano wa karibu sana wa chanjo. Lakini inafuata pia kwamba kiasi kikizidi, maumivu hayawi madogo tena. Na kwamba mmea uliopewa asidi bila baridi kuja umetumia nguvu zake bure. Katika jaribio la Hungaria, miche iliyobaki katika joto la kawaida ilipungua usanisinuru kidogo.

Kuna pia vidhibiti vinavyoitwa brasinosteroidi, vilivyotambuliwa mwaka 1979 katika chavua ya mmea wa jamii ya kabichi. Zaidi ya kilo 200 za chavua iliyokusanywa na nyuki zilitoa miligramu chache tu. Matango na nyanya huvijibu vizuri katika baridi, na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, lakini havipatikani shuleni. Aspirini inapatikana.

JARIBIO

Twanga tembe moja ya aspirini ya miligramu 300 na kuikoroga katika lita 3.3 za maji. Molekuli ya aspirini ina uzito wa 180, hivyo wanafunzi wahesabu wenyewe na kuona kwamba wamepata milimoli 0.5 hivi katika lita moja. Unga mweupe utakaotuama ni wanga wa tembe. Chukua mililita 200 za maji hayo, ongeza mililita 800 za maji matupu, nawe utakuwa na milimoli 0.1.

Tandaza mbegu za maharage juu ya vitambaa vitatu, kimoja kimeloweshwa kwa maji matupu, cha pili kwa milimoli 0.1, cha tatu kwa 0.5. Zisizamishwe, maana hukosa hewa. Baada ya siku moja zipandwe katika viriba vyenye udongo wa aina moja, angalau mbegu kumi kwa kila kundi. Majani mawili ya kwanza yakikunjuka, peleka nusu ya kila kundi ndani ya jokofu, mahali penye nyuzi 4 au 5, mbali na chumba cha kugandishia, kwa siku mbili. Nusu nyingine iwekwe kabatini kwa muda ule ule. Hatua hii husahauliwa mara nyingi: ndani ya jokofu kuna giza pamoja na baridi, na bila kabati hatutajua ni lipi lililoleta madhara.

Kisha viriba vyote vitolewe juani. Hesabu miche iliyonyauka baada ya saa mbili, na iliyo hai baada ya siku tano.

Shule yenye miliamita iende mbali zaidi. Kata vipande kumi vya mviringo kutoka majani ya kila kundi kwa kitobolea vizibo, vioshe upesi, na uviweke katika mililita 20 za maji yaliyotoneshwa kwa saa tatu. Tumbukiza vijiti viwili vya kaboni vilivyotolewa katika betri kuukuu, kwa umbali usiobadilika, unganisha betri na miliamita, na usome mara moja. Halafu chemsha vipande hivyo katika maji yale yale kwa dakika kumi ili seli zote zifunguke, rudisha maji yaliyopungua, acha yapoe hadi halijoto ya mwanzo, na usome tena. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Kadiri sehemu hiyo ilivyo kubwa, ndivyo tando zilivyovuja. Vipimo vya makundi yote sita viandikwe katika jedwali moja, pamoja na idadi ya miche iliyokufa. Na ikiwa kundi la milimoli 0.5 lililokaa kabatini limekuwa fupi kuliko lile la maji matupu, liandikwe hilo pia.